Maksai Aliyefunikwa kwa Waridi

Karatasi yenye maua ina upande mmoja tu unaofaa, nao ni wa nyuma. Niliamua hivyo nikiwa kijana na sijapata sababu ya kubadili. Upande wa nyuma huwa mweupe, au una rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda, na ukibandika picha juu yake jicho huenda moja kwa moja kwenye picha. Upande wa mbele hupiga kelele. Mtu anayebandika picha ya mama yake katikati ya maputo na kengele hajaipamba picha ile. Amemweka mama yake sokoni siku ya mnada na kumwambia asimame hapo.

Nasema haya kwa sababu kazi hiyo ya kubandika picha niliifanya kwa miaka mingi na hakuna aliyenifundisha. Niliishia darasa la nne. Misheni iliyokuwa karibu nasi ilikuwa na rundo la magazeti ya zamani yaliyowekwa kwa ajili ya kuwashia moto, nami niliruhusiwa kuyachukua. Wenzangu waliyasoma. Mimi nilichukua rula na kupima kurasa: picha imeachiwa nafasi gani pembeni, maneno yameanzia wapi, kwa nini ukurasa huu umetulia na ule unachosha. Kisha nikatengeneza vitabu vyangu mwenyewe. Kurasa zilitoka kwenye tabaka la ndani la mifuko ya saruji, nikazishona kwa uzi wa katani, na humo nikabandika vipande vya magazeti, lebo za viberiti, stempu, na picha za ndugu walionikubalia. Karatasi ya maua nilipoipata niliikata vipande vyembamba kama kidole nikaviweka ukingoni tu, mbali na picha. Sheria yangu ilikuwa moja, kwamba fremu isiikanyage picha. Ni sheria rahisi, na sikuwahi kukutana na ofisa aliyeweza kuishika.

Ofisa niliyekutana naye kwa karibu zaidi alikuwa Bwana Maendeleo wa kata yetu.

Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, upande wa Morotonga, nyumba zimepangwa kwa mistari kama maharage shambani. Mimi nilifundisha elimu ya watu wazima jioni chini ya paa la ghala la kijiji. Bwana Maendeleo alikuwa kijana aliyetoka chuoni, mwenye viatu vilivyong'aa hata masika, na alijua neno moja tu la kila jambo. Siku moja alikuja na habari kwamba mgeni kutoka mkoani atatembelea kijiji, na kwamba vijiji vingine vinampokea mgeni kwa ngoma na ng'ombe wa kuchinja, lakini sisi tutampokea kwa albamu.

"Albamu ya maendeleo," alisema. "Picha za kazi zetu zote. Na siyo albamu kavu kavu. Mwalimu, nasikia wewe una mikono ya kazi hii."

Nilikubali. Kwa siku chache hata nilimheshimu. Kisha akafungua karatasi alizozileta.

Zilikuwa karatasi za kufungia zawadi, amezinunua ng'ambo ya mpaka wa Sirari, upande ambao kwenye mikutano yake alikuwa akiuita wa mabepari. Zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa na maua ya waridi mekundu, kila ua kubwa kama kiganja. Ya pili ilikuwa na kengele na mishumaa ya Krismasi. Ya tatu ilikuwa na maputo. Ilikuwa karatasi nyepesi ya bei rahisi, na ukiishika kwa mkono wenye jasho rangi inabaki kwenye vidole. Nilimwonyesha vidole vyangu.

"Hiyo ndiyo karatasi yenye rangi ya kweli," alisema.

Wakati huo huo watoto wa shule yetu ya msingi walikuwa wanagawana daftari, nusu ya mbele ya huyu na nusu ya nyuma ya yule. Sikumwambia. Alikuwa anapita mbele ya shule ile kila asubuhi.

Picha za kijiji hazikuwa nyingi. Kulikuwa na za shamba la pamoja, za kisima na za kampeni ya vyoo, na Bwana Maendeleo alitaka pia ukurasa wa mbele wa wazee waliotangulia, yaani watu wa kwanza kulima ardhi ile kabla kijiji hakijapimwa. Mzee mmoja tu kati yao aliwahi kupigwa picha. Alikuwa amekufa, na picha ilikuwa kwa mjane wake. Nikatumwa mimi kuiomba.

Mjane huyo alikuwa mzaliwa wa Susuni, aliyeletwa upande wetu na mume wake walipokuwa vijana. Nilimkuta anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura," alisema, kama kwetu anavyoitwa kijana. "Umetumwa."

"Umejuaje?"

"Ungekuwa umekuja mwenyewe ungeanza kuuliza habari za mbuzi."

Nilimweleza. Alimaliza ungo wake bila haraka, akaingia ndani, akatoka na kopo la majani ya chai. Picha ilikuwa ndani ya kipande cha kanga. Ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, safi, isiyo na mkunjo. Upande wa kushoto alisimama mumewe amevaa koti, mkono mmoja ameunyoosha juu ya mgongo wa maksai wa kulimia. Maksai huyo alijaza zaidi ya nusu ya picha. Alikuwa na mabaka makubwa, mengine meupe, mengine ya kijivu kilichokolea, na moja shingoni lenye ncha kama ulimi. Uliweza kuhesabu kope zake. Uso wa mume ulikuwa na ukungu kidogo.

"Mpiga picha alikuwa Mwislamu wa Tarime mjini," alisema mjane. "Fundi hasa, na kofia yake nyeupe hata shambani. Akamwambia mume wangu, 'Mzee, mwache ng'ombe, hatatulia, ataharibu picha.' Mume wangu akasema, 'Bila yeye sipigwi.' Basi wakabishana pale mpaka jua likapanda. Sasa tazama mwenyewe nani alitulia na nani alitikisika."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Walikuja wezi wakamchukua maksai," aliendelea. "Mume wangu akafuata nyayo pamoja na wenzake. Wenzake walirudi naye wamembeba. Maksai hakurudi."

Picha bado ilikuwa mkononi mwake.

"Itarudi?"

"Itarudi, mama."

"Kama ilivyo?"

"Kama ilivyo."

Alinipa. Nami niliibeba kwa mikono yote miwili hadi ghalani, watu wakanishangaa njiani.

Tulifanyia kazi ghalani, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye magunia. Gundi ya dukani haikuwepo, wala duka lenyewe halikuwa na kitu zaidi ya chumvi na viberiti, kwa hiyo nilipika uji mzito wa unga wa muhogo. Nilipendekeza tugeuze karatasi zile, tutumie mgongo wake mweupe, na mbele tuache vipande vyembamba ukingoni. Bwana Maendeleo aliniangalia kama mtu aliyeambiwa avae shati nje ndani.

"Mwalimu, karatasi imetoka mbali namna hii halafu tuifiche?"

"Picha ndizo zinazotazamwa."

"Mgeni hatazami picha. Mgeni anaona rangi. Akifungua tu, moyo wake ufurahi."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa kwenye gunia anachokonoa meno. Yeye alikubaliana na kila aliyesema mwisho, na Bwana Maendeleo alihakikisha kuwa ndiye anayesema mwisho. Kwa hiyo shamba la pamoja likazungushiwa kengele za Krismasi. Kisima kikapewa maputo. Kampeni ya vyoo ikapata waridi, tena mengi, kwa sababu picha ya choo ilikuwa ndogo na nafasi ilibaki. Nilikata nilichoambiwa nikate. Nilikata kwa rula, pembe zote zikawa sawa, na nilifanya hivyo kwa dharau, maana upuuzi ukikatwa vizuri huonekana wazi zaidi.

Ukurasa wa mbele niliuacha kwa ajili yangu. Nilikuwa nimekwisha kuupima: picha katikati, pembe nne za karatasi nyeupe za kuishikilia bila gundi kugusa picha, nafasi tupu pande zote. Jioni nikaenda kufundisha darasa langu upande wa pili wa ghala. Niliporudi Bwana Maendeleo alikuwa ameumaliza.

Alikuwa ameibandika picha yote kwa uji wa muhogo, kisha amekata karatasi ya waridi kwa umbo la yai, uwazi katikati, na kuibandika juu yake. Ndani ya yai alibaki mzee, kifua na uso wake wenye ukungu. Mkono wake ulitoka begani ukaingia chini ya maua na kupotea. Maksai hakuwepo kabisa.

"Umemkata?" niliuliza.

"Simkati mtu, nimemfunika tu," alisema. "Yule ng'ombe alikuwa mkubwa kuliko mzee. Mgeni angetazama ng'ombe."

"Watu wote hutazama ng'ombe. Ndiyo picha yenyewe."

"Halafu ni ng'ombe wa mtu binafsi. Ukurasa wa mbele, mwalimu! Tunaanza albamu ya ujamaa na mali ya mtu binafsi?"

"Hilo kweli," alisema Mwenyekiti kutoka kwenye gunia lake. "Mali ya binafsi si nzuri kuonyeshwa." Ng'ombe wake mwenyewe alikuwa amewapeleka kwa wakwe zake Kerende, ambako hakuna mgeni aliyekuwa na mpango wa kufika.

Niligusa karatasi. Ilikuwa imelowa hadi nyuma, na wekundu ulikuwa umeanza kutembea. Kuibandua mbichi kungeipasua picha. Nikaamua kungoja mgeni aje aondoke, gundi ikauke, kisha niilainishe polepole kwa kitambaa cha maji. Nilikuwa na hakika kwamba albamu itabaki kijijini. Hakuna aliyesema vinginevyo.

Mgeni alifika kwa Landrova, mtu mzima mnene mwenye adabu, amechoka kwa vumbi. Wanakijiji walikaa chini mbele ya ghala, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na mjane alikaa mstari wa mbele kwa sababu aliambiwa mume wake ataonyeshwa. Bwana Maendeleo alishika albamu kama mtumishi anavyoshika sinia, akawa anafungua kurasa huku akiwaelekezea watu. Alianzia nyuma, ili ukurasa wa mbele uwe kilele.

Mgeni alifika kwenye waridi mengi.

"Hiki ni nini?"

"Choo, Ndugu."

"Na haya yote?"

"Maua, Ndugu. Waridi."

Mgeni alitazama kwa makini, kisha akasema, "Kinanukia," na watu wote wakacheka, Bwana Maendeleo akicheka kuwashinda, kwa sababu alidhani amesifiwa.

Ndipo ukafunguliwa ukurasa wa wazee waliotangulia. Mgeni aliinama.

"Huyu mzee ameegemea nini? Mkono wake naona umenyooka, lakini umeegemea maua."

Bwana Maendeleo alinyanyua kidevu.

"Ameegemea maendeleo, Ndugu!"

Mwenyekiti alipiga makofi, na makofi yakasambaa nyuma hadi kwa watu wasioweza kuona kitu. Nimesikia majibu mengi ya kipumbavu maishani mwangu, lakini hakuna lililopokelewa vizuri namna hiyo.

Mjane alisimama.

"Ameegemea ng'ombe wangu," alisema.

"Mama, kaa," alisema Mwenyekiti.

"Ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Mama yetu, mgeni anaongea."

"Naye anauliza ninachouliza mimi. Ameuliza ameegemea nini. Nimemjibu. Sasa na mimi nijibiwe."

Mgeni aliona kwamba kuna jambo, na kwa kuwa hakulijua alifanya wanalofanya wageni, alisifu. Alisema albamu ni nzuri, haijapata kuonekana, na kwamba ataichukua aende nayo mkoani ikaonyeshwe kwa vijiji vingine. Bwana Maendeleo nusura aruke. Albamu ikafungwa, ikatiwa ndani ya mfuko, na mfuko ukaelekea kwenye gari.

Mimi nilisimama pale nikiwa nimeahidi mbele ya kopo la majani ya chai. Lakini kabla sijapata maneno, mjane alikuwa amekwisha kufika mlangoni mwa Landrova. Hakupiga kelele. Aliweka mkono wake juu ya mfuko, kama ule wa mumewe juu ya maksai.

"Picha yangu haipandi gari," alisema.

"Tutakuletea nakala, mama," alisema Bwana Maendeleo.

"Aliyepiga amekufa. Nakala utapigia wapi, ahera?"

Mgeni akasema kwa upole, "Mama, mbona mume wako anaonekana vizuri tu? Uso wake upo."

"Mume wangu namwona hata bila picha," alijibu. "Wajukuu wote wana pua yake, nikichoka na mmoja namtazama mwingine. Ng'ombe yule ndiye hana aliyefanana naye."

Wanaume waliokuwa wamekaa chini waliguna, na haikuwa miguno ya kucheka. Hapo hapakuwa na mtu asiyewahi kumjua ng'ombe mmoja hivyo, isipokuwa Bwana Maendeleo, aliyekua kwenye nyumba za serikali na kumjua ng'ombe kwa nyama. Aliwatazama wazee kana kwamba wamebadili lugha.

Mgeni aligeuka. "Nani mwenye wembe?"

Mimi huwa nao daima, umefungwa kwa karatasi ya kadi ndani ya mfuko wa shati. Nikaufungua ukurasa juu ya boneti ya gari, nikaukata kwenye mshono. Bwana Maendeleo aligeuza uso. Albamu iliondoka bila ukurasa wake wa mbele, ikianzia na kisima na maputo, na haikurudi tena, wala sijawahi kumsikia mtu akiuliza ilikokwenda.

Alasiri ile ile nilikaa na mjane nje ya nyumba yake, kivulini, ukurasa umelala juu ya ungo. Nilimwomba maji safi na kitambaa laini. Nilifunika maua kwa kitambaa kibichi, nikangoja, nikainua pembe, nikarudisha, nikangoja tena. Gundi ya muhogo inakubali ukiipa muda. Mwisho yai la Bwana Maendeleo likabanduka lote kama ngozi ya kidonda kilichopona, na chini yake maksai akatokea, kope, pembe, na kwato.

Na waridi. Rangi ilikuwa imeshuka. Palipokuwa na ua kubwa, kwenye ubavu na paja la maksai, palibaki wekundu uliotawanyika, mzito katikati, hafifu ukingoni. Kwenye picha nyeusi na nyeupe ulikuwa kama damu iliyomwagwa juu ya hati.

Nilijisikia hasira iliyopangika vizuri, yenye vifungu. Nilimweleza mjane kwamba huo ni ubovu wa karatasi, kwamba mtu mwenye akili angeona rangi ile inatoka, na kwamba nitajaribu kuiondoa kwa pamba na maji ya chumvi, kidogo kidogo, labda kwa wiki nzima, bila kugusa ngozi ya picha. Nilikuwa bado nasema aliponyanyua picha akaisogeza juani.

"Niletee miwani. Hapana, wacha. Naona." Aliinama zaidi. "Hapa alikuwa mwekundu."

"Nini, mama?"

"Ng'ombe. Ubavuni hapa na kwenye paja. Alikuwa mwekundu na mweupe. Hukujua? Ungejuaje, ulikuwa hujaja huku. Wajukuu nikiwaambia alikuwa mwekundu wananionyesha picha, wanasema, bibi, ni wa kijivu. Picha ndiyo iliyosahau."

Nilimwambia kwamba ni bahati tu. Nilimwambia kwamba ua lile limevuka mpaka wa baka, limeingia kwenye weupe wa tumbo, na kwamba kwa kazi ya ukurasa hilo ni kosa la waziwazi. Alinisikiliza kwa uvumilivu, kama anavyosikilizwa mtu anayeeleza njia kwa mwenyeji. Kisha akachukua lile yai la maua lililolowa kutoka kwenye ungo, akalizungusha kwenye kidole chake, akalikamua mpaka ncha ya kidole ikawa nyekundu.

"Na shingoni," alisema. "Lile baka lenye ulimi. Hapo ua halikufika."

Ningeweza kumzuia. Picha ilikuwa moja, haina nakala, na kidole hakina rula. Yale yote niliyojifunza kwa magazeti ya misheni yalikuwa yananiambia nimnyang'anye. Badala yake niliiweka picha sawa juu ya goti langu, nikaishika pembe mbili kwa ncha za vidole.

Aliinamisha kichwa, akapeleka kidole shingoni mwa maksai.

"Shika vizuri, mura," alisema. "Usitikisike kama mume wangu."